Kadi za Swali na Jibu: Namna ya Kuzichapa Nyumbani Pande Zote Mbili

Mwezi huu twataka kusema habari za kitu kidogo, ambacho kwa ukubwa hakizidi kiganja cha mkono, lakini kwa kazi yake chaweza kumsaidia mtoto kushika somo alilokuwa akilisahau kila juma. Kitu hicho ni kadi yenye pande mbili. Upande mmoja una swali, na upande wa pili una jibu lake. Mwalimu huonyesha swali, mwanafunzi hujibu, kisha kadi hugeuzwa ili aone kama amesema sawa. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Walakini katika kuitengeneza mna jambo moja ambalo watu wengi hawalitambui mpaka wamekwisha kuharibu karatasi nyingi, nalo ni hili: jibu lazima likae nyuma ya swali lake lenyewe, wala si nyuma ya swali la jirani yake. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza taratibu, hatua kwa hatua, ili kila nyumba yenye kompyuta na printa, au iliyo karibu na duka lenye vitu hivyo, iweze kujitengenezea kadi zake.

Kwa nini tuzitengeneze wenyewe

Kadi za kufundishia si jambo jipya. Mwaka 1834 huko Uingereza mwanamke mmoja, jina lake Favell Lee Mortimer, alitoa kadi za kuwafundisha watoto kusoma, akaziita Reading Disentangled. Tangu siku zile kadi zimeenea duniani, na leo zauzwa madukani katika visanduku vizuri vyenye rangi. Lakini aghalabu zile za madukani ni za Kiingereza, na picha zake ni za tufaha na theluji. Mtoto anayehangaika na wingi wa neno ukuta, au na hesabu ya saba mara nane, hatapata msaada wake humo. Mwenye kujua mtoto amekwama wapi ni mzazi wake na mwalimu wake, na hao ndio wanaofaa kuandika maswali. Kadi ya nyumbani hufuata somo la juma hili hili, na ikichakaa huchapwa nyingine.

Tena yafaa tujue kwa nini swali na jibu hutengwa, moja mbele na jingine nyuma, wala hayaandikwi pamoja kama katika daftari. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu ya mwanadamu. Alikuwa amejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba tunasahau upesi sana mwanzoni, kisha kusahau kwenyewe hupungua mwendo. Na mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine waliisoma habari mara nne. Wengine waliisoma mara moja tu, kisha wakajaribu mara tatu kuikumbuka pasipo kuitazama. Baada ya dakika 5, wale waliosoma mara nne ndio waliokumbuka zaidi. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka walikuwa bado na sehemu 61 katika 100 za habari ile, na waliorudia kusoma walikuwa na sehemu 40 tu.

Basi faida ya kadi imo katika ule muda mfupi kabla haijageuzwa, mtoto anapotafuta jibu kichwani mwake. Akiliona jibu kabla hajalitafuta, kadi imekuwa karatasi tu.

Madhara ya kadi iliyokosea

Tukisema kwamba jibu likae mahali pake, msidhani twasema habari za unadhifu peke yake. Mtoto huamini karatasi iliyochapwa kuliko anavyoamini maneno ya mdomo. Chukulieni kadi mbili zilizo jirani katika ukurasa: moja yauliza 7 × 8, na nyingine yauliza 6 × 9. Jibu la kwanza ni 56, na la pili ni 54. Mchapaji asipoangalia, majibu hayo yatabadilishana mahali, na mtoto ataambiwa kwamba saba mara nane ni 54. Nambari yenyewe haionekani kuwa ya ajabu. Mzazi mwenye haraka hataitilia shaka, na mtoto hana namna ya kuijua. Ataikariri jioni baada ya jioni, kwa bidii na kwa utii, na kila akigeuza kadi atapata uthibitisho wa uongo ule ule. Siku ya mtihani ataandika 54 kwa moyo mkunjufu. Kadi iliyokosea ni mwalimu mwongo asiyechoka, na jambo alilofundisha ni kazi ngumu kuling'oa baadaye.

Kutengeneza jedwali

Sasa tuingie kazini. Programu yoyote ya kuandikia yafaa. Wengi wana Microsoft Word. Wasiotaka kununua waweza kuchukua LibreOffice, ambayo hutolewa bure. Wala lugha yetu si ngeni katika kazi hizi, kwa maana mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo menyu zake ziliandikwa kwa Kiswahili.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Twapendekeza kadi 8 katika kila karatasi, safu mbili kwa upana na mistari minne kwa urefu. Fuateni hatua hizi:

1. Wekeni pambizo za kushoto na kulia sentimita 1.5 kila moja, na za juu na chini vivyo hivyo. Pambizo za kushoto na kulia lazima zilingane kabisa, maana karatasi ikigeuzwa, kushoto huwa kulia. Zisipolingana, jedwali la nyuma halitakutana na la mbele.

2. Fanyeni jedwali moja lenye safu 2 na mistari 8. Mistari minne ya kwanza ni ya maswali, na minne ya pili ni ya majibu.

3. Upana wa kila safu uwe sentimita 9, na kimo cha kila mstari kiwe sentimita 6.5 kamili. Programu itawauliza kama kimo kiwe angalau hicho au kiwe hicho hasa. Chagueni hicho hasa, ili chumba kisitanuke mkiandika maneno mengi. Tena izuieni programu isikate mstari mmoja katikati ya kurasa mbili.

4. Amuruni jedwali likae katikati ya ukurasa. Msiliache kama lilivyokuja, kwa kuwa baadhi ya programu hulisogeza kidogo kushoto, na kidogo hicho huonekana karatasi ikigeuzwa.

5. Maandishi yawe katikati ya kila chumba, kwa upana na kwa kimo. Herufi ziwe kubwa za kutosha kusomwa kwa mwanga wa taa.

Mkipiga hesabu mtaona uzuri wa vipimo hivi. Mistari minne ya sentimita 6.5 ni sentimita 26. Ukurasa, ukiondoa pambizo za juu na chini, una nafasi ya sentimita 26.7. Kwa hiyo mistari minne yaingia, nao wa tano haupati nafasi, hivyo huhamia wenyewe ukurasa wa pili. Maswali yatakuwa ukurasa wa kwanza na majibu ukurasa wa pili, pasipo ninyi kukata ukurasa kwa mkono. Mkitaka kadi 16, ongezeni mistari hata iwe 16, na zamu iendelee hivyo hivyo: minne ya maswali, minne ya majibu.

Baada ya jedwali programu ya Word huacha mstari mmoja mtupu usiofutika. Mstari huo ukiwa mkubwa utaruka kwenda ukurasa mpya, nanyi mtachapa ukurasa mweupe usio na kazi. Upeni herufi ndogo kabisa, nao utatulia mahali pake.

Siri ya kioo

Hapa ndipo penye fumbo lenyewe. Shikeni karatasi tupu, andikeni A pembeni juu upande wa kushoto. Sasa igeuzeni kama mnavyofungua ukurasa wa kitabu. Mahali palipo nyuma ya ile A sasa pako upande gani? Pako kulia. Karatasi hufanya kama kioo: kilichokuwa kushoto, nyuma yake ni kulia. Kwa hiyo jibu la kadi ya kushoto huandikwa katika safu ya kulia, na jibu la kadi ya kulia huandikwa katika safu ya kushoto.

Tutoe mfano wa wingi wa majina. Ukurasa wa maswali uwe hivi:

1. ukuta — 2. ufunguo
3. ulimi — 4. uso
5. wimbo — 6. mwiko
7. jicho — 8. jino

Na ukurasa wa majibu uwe hivi:

2. funguo — 1. kuta
4. nyuso — 3. ndimi
6. miiko — 5. nyimbo
8. meno — 7. macho

Angalieni kwamba mistari haikubadilika. Wa juu umebaki juu, na wa chini umebaki chini. Kilichobadilika ni safu peke yake.

Angalieni tena zile nambari ndogo. Twawasihi msiziache. Kila swali lipewe nambari pembeni, na jibu lake lipewe nambari ile ile. Kadi zikiisha kukatwa, mtu yeyote, hata mtoto, aweza kugeuza kila moja na kuona kama nambari za pande mbili zinafanana. Zikitofautiana, kadi hiyo na itupwe, wala isiingie mikononi mwa mwanafunzi.

Hekima hii ya kupanga mambo kinyume ili yatoke sawa si ya kompyuta tu. Katika karne ya 19, wakati wa Askofu Edward Steere aliyefariki mwaka 1882, misheni ya UMCA huko Unguja ilikuwa na mashine ya kupigia chapa, na vijana walifundishwa kazi yake. Mpanga herufi za risasi huziona zimegeuka, kama katika kioo, na anayepanga kurasa kwenye karatasi kubwa lazima ajue kila ukurasa utaangukia wapi karatasi ikisha kukunjwa. Kazi iliyowahitaji wao ustadi wa miaka, sisi leo twaifanya mezani kwa jedwali la safu mbili. Lakini kanuni ni ile ile, na anayeisahau hupata hasara ile ile.

Kugeuza kwa upande mrefu au upande mfupi

Printa ijuayo kuchapa pande mbili yenyewe huuliza karatasi igeuzwe kwa ukingo gani. Kwa mpango wetu chagueni ukingo mrefu, yaani namna ya kitabu. Kuna namna ya pili, ya ukingo mfupi, kama kalenda ya ukutani inayofunuliwa kwenda juu. Mkichagua hiyo, mambo hubadilika: safu hubaki mahali pake, lakini mistari hupinduka, na jibu la kadi 1 hutakiwa liwe katika mstari wa mwisho. Anayepanga majibu kwa namna moja na kuchapa kwa namna nyingine atapata kadi zote 8 zimekosea, hata moja haitasalimika. Chagueni namna moja, iandikeni kwenye kipande cha karatasi, mkibandike juu ya printa.

Katika dirisha lile la kuchapa angalieni na ukubwa. Printa nyingine hupenda kupunguza ukurasa ili uenee. Mwambieni achapaye aweke asilimia 100, wala asikubali kupunguza. Na mistari ya jedwali ichapwe upande wa maswali tu, kwa rangi hafifu. Upande wa majibu iondoeni. Sababu ni kwamba printa nyingi za nyumbani huvuta karatasi ikapotoka kidogo, milimita moja au mbili. Mistari ikiwa pande zote, upotofu huo utaonekana na kuudhi macho. Ikiwa upande mmoja tu, mtakata kwa kuifuata hiyo, wala hakuna atakayejua.

Printa isiyogeuza yenyewe

Printa nyingi za bei nafuu huchapa upande mmoja tu. Hizo nazo zafaa, ila zahitaji subira, maana haraka haraka haina baraka. Kwanza twaeni karatasi moja tupu, chora mshale kwa penseli juu yake, ukielekea ndani ya printa, iwekeni na mshale ukiwa juu, kisha chapeni ukurasa wa kwanza. Tazameni: je, maandishi yametoka upande wa mshale au upande wa pili? Na je, kichwa cha ukurasa kiko upande ulioelekea ncha ya mshale? Jaribio hili la karatasi moja litawaambia namna ya kuirudisha karatasi kwa ukurasa wa pili. Chapeni seti moja kwanza, mgeuze, mlinganishe nambari mkiielekeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Zikipatana, ndipo mchape zilizosalia. Kama printa yenu ni ya wino wa maji, ngojeni upande wa kwanza ukauke kabla ya kuirudisha karatasi, la sivyo wino utapakaa ndani ya mashine.

Kuhusu karatasi, ile ya kawaida ya ofisi ni ya gramu 80 kwa kila mita ya mraba. Ni nyepesi, na jibu lililoandikwa kwa herufi nene huonekana kwa nyuma mtoto akiiinua kwenye mwanga. Nasi tumekwisha kusema kwamba jibu likionekana mapema kadi imepoteza kazi yake. Karatasi ya gramu 160 ni bora, lakini someni kwanza kitabu cha printa yenu mjue kama yaweza kuivuta.

Njia ya kukunja

Kwa wale wasio na karatasi nzito, wala printa ya kugeuza, iko njia ya tatu, nayo twaipenda sana kwa urahisi wake. Chapeni upande mmoja tu. Safu ya kushoto iwe maswali, na safu ya kulia iwe majibu, kila jibu kando ya swali lake: ukuta na kuta, ufunguo na funguo. Kisha kunjeni karatasi kwa urefu, katika mstari ulio kati ya safu hizo mbili, maandishi yakiwa nje. Pakeni gundi ndani, bonyezeni chini ya vitabu vizito hata ikauke, ndipo mkate mstari kwa mstari. Jibu litakuwa nyuma ya swali lake, wala hapana kioo cha kufikiri. Tena karatasi mbili zilizogandana huwa na unene wa kadi, na jibu halionekani kwa urahisi. Hasara yake ni kwamba karatasi moja hutoa kadi 4 tu badala ya 8. Lakini mwenye kadi 4 za kweli ni tajiri kuliko mwenye 8 za uongo.

Mkichapa dukani

Nyumba nyingi hazina printa, na watu hupeleka kazi zao katika maduka ya kuchapisha wakizibeba kwa flashi au kwa simu. Kabla ya kwenda, geuzeni kazi yenu iwe faili la PDF. Mkipeleka faili la kuandikia lenyewe, kompyuta ya dukani isiyo na herufi zenu italeta nyingine, maneno yatasogea, mstari wa nne utahamia ukurasa wa pili, na mpango wote utavunjika. PDF haisogei. Mwambieni mwenye duka maneno matatu: pande mbili, ukingo mrefu, asilimia 100. Mwombeni achape karatasi moja kwanza, nanyi mwikague mbele yake kabla ya kuamuru nyingine. Si kumdharau; ndivyo kazi ya chapa ilivyo, na fundi mwema hakasiriki.

Namna ya kuzitumia

Kadi zikiisha kukatwa, kazi ya printa imekwisha na ya nyumba imeanza. Mwaka 1972 mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, alieleza katika kitabu chake njia ya visanduku, nayo yafaa hata kwa bahasha tatu kuukuu. Kadi mpya zote hukaa bahasha ya kwanza, na hizo huulizwa kila siku. Kadi iliyojibiwa sawa huhamia bahasha ya pili, ambayo yaweza kufunguliwa kila siku ya tatu. Ikijibiwa sawa tena, huenda bahasha ya tatu, ya kufunguliwa mara moja kwa juma. Lakini kadi yoyote iliyokosewa, hata ikiwa imefika bahasha ya tatu, hurudi ya kwanza. Hivyo mtoto hatumii nguvu zake kwa mambo anayoyajua. Huzitumia kwa yale yanayomshinda. Dakika 10 kila jioni zatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Msimkemee mtoto kadi inaporudi nyuma. Akiona kila kosa laleta ukali, atajifunza kuchungulia jibu, nasi tutakuwa tumempoteza kwa mikono yetu. Kurudi kwa kadi si adhabu. Ni kama mbegu iliyopandwa tena.

Twajua wazi kwamba katika nyumba nyingine mama au bibi hakupata kusoma, naye hudhani jambo hili si lake. Sivyo hata kidogo. Kazi kubwa ya mtu mzima hapa ni kuulinda ule muda kabla ya kugeuza, na kazi hiyo haihitaji herufi. Bibi na ashike kadi mkononi mwake, swali likiwa limemwelekea mtoto. Mtoto asome swali kwa sauti, atoe jibu lake kwa sauti, na bibi asikie. Ndipo bibi aigeuze, na mtoto asome kilichoandikwa nyuma. Maneno mawili yakifanana masikioni mwa bibi, kadi yaenda mbele, yakitofautiana, yarudi. Mtoto hawezi kumdanganya, kwa kuwa jibu lilikwisha kutoka kinywani kabla ya kadi kugeuka. Twadiriki kusema kwamba bibi mwenye subira hulinda kadi vizuri kuliko kijana msomi mwenye haraka.

Na ninyi walimu, mkiwa na darasa kubwa, si lazima kila mtoto awe na seti yake. Seti moja kwa watoto wawili yatosha, mmoja akiuliza na mwenzake akijibu, kisha wabadilishane. Anayeuliza naye hujifunza, maana macho yake yanaona swali na jibu lake.

Basi, ndugu zetu, anzeni na karatasi moja. Chagueni mambo 8 ambayo mtoto wenu ameyakosa mwezi huu katika daftari lake, msiongeze la tisa. Yaandikeni, pangeni majibu kinyume, chapeni karatasi ya majaribio, linganisheni nambari kwenye mwanga, kisha kateni kwa rula na mkasi. Kabla ya kumpa mtoto, someni kila kadi mbele na nyuma kwa macho yenu wenyewe, moja moja, hata ya nane.